Bushi za Mti wa Mtumbwi

Jumatatu, 11 Aprili 1994
Barua kutoka Masagati. Dada yangu Paskalina anasema tanga la marehemu kaka Leodegar litaondolewa Jumamosi, na kigoda chake cha ukuu wa ukoo kitapata mtu siku hiyohiyo. Ninayefuata ni mimi. Nisipofika, atakalia Osward, mtoto wa baba mdogo. Miaka thelathini na sita sijakanyaga kule. Nilipoondoka kwenda kukata miwa niliwaambia nitarudi nimepanda chombo changu. Treni, kwa hiyo, haihusiki.

Pikipiki yangu nyuma inayumba kama bata. Fundi Jofrey amelitikisa gurudumu kushoto na kulia, kisha: "Shikamoo, mzee. Bushi zimekufa." Mpya zinatoka Dar es Salaam, siku kumi.

Jumanne, 12 Aprili
Nimewaza. Bushi ni nini? Kipande cha bomba kinachozuia chuma kisisuguane na chuma pale mkono wa gurudumu la nyuma unapochezea. Mtumbwi wa kule Michenga hukaa majini miaka ishirini bila kuoza. Nimekwenda kwa Anselim, mchonga mitumbwi, akanichongea bushi mbili kwa masalia ya mti. Aliuliza zinakwenda kuvua samaki gani.

Jofrey kagoma kuzifunga. Nimezifunga mwenyewe. Mke wangu Brigita, akinishikia nyundo, kasema Osward keshakata tiketi ya treni ya Alhamisi. Nikaomba nyundo.

Alhamisi, 14 Aprili
Gurudumu limetulia kabisa. Nimezunguka Kibaoni mara tatu. Osward alikuwa akienda stesheni na kikapu. Akaniita: kaka, njoo twende wote. Nikampigia honi.

Ijumaa, 15 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Nimeondoka hivyohivyo. Mti wa mtumbwi ukinywa maji hutanuka. Ndivyo nyufa zake zinavyojifunga. Nalijua hilo tangu utoto. Sijui Jumanne lilikuwa wapi. Bushi zimevimba, mkono wa gurudumu la nyuma umeganda, shokapu hazibonyei tena, kila shimo linafika kichwani. La tisa limeniangusha, chombo kikanilalia mguu. Nimerudishwa kwa trekta, kifudifudi juu ya magunia ya mpunga.

Jumamosi, 16 Aprili
Saa hizi wanaondoa tanga. Nimekaa mlangoni, mguu umefungwa, nimevaa koti nililoshonesha kwa ajili ya leo. Brigita anapepeta mchele, kanipa mgongo. Afadhali angesema.

Jumanne, 19 Aprili
Osward amerudi. Hakukalia kigoda. Amekileta, kimefungwa kwa kanga ya Paskalina. Wazee walimsukuma akalie, akawaambia mwenye kiti yuko hai, ni mbishi tu. Paskalina anasema nikitunze, nifike nacho mwenyewe kabla ya kiangazi kwisha. Zaidi ya hapo hana nguvu za kungoja. Nimelia kidogo. Osward akawa anatazama kuku.

Kisha nikakiangalia vizuri. Mpingo. Marehemu alikiacha uani masika nenda masika rudi, na hakikutanuka hata unywele. Nimepima miguu yake kwa uzi. Unene ni uleule wa bushi. Miguu mitatu: bushi mbili, na moja ya akiba.

Nimemtuma Osward akamwite Anselim, aje na msumeno.