Dhoruba ya Jua na Jiko Langu

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema! Mafundi bomba wameling'oa jiwe la mpaka kati yangu na shemeji, kaka wa mke wangu, muoka mikate. Shemeji anataka kujenga ukuta, kwa hiyo kaleta maombi ofisini kwetu tupime upya. Kwetu! Na mimi ni mpima ardhi. Nimeula!

Baadaye. Sijaula. Mkuu wetu, mama asiyejua kucheka, kasema mtu hapimi kiwanja chake. Atapima Rula, mwenzangu. Jina tulimpa sisi, kwa kunyooka kwake. Hata chai ya mtu hapokei. Nami ule ukanda wa ardhi wa mpakani, kando ya ua, nauhitaji kwa banda la gari, maana gari langu linanyeshewa. Halitembei, ni kweli. Lakini linanyeshewa.

Jumanne, 4 Machi

Kikao. Mkuu kasema jua limetema moto, dhoruba ya sumaku itatufikia Alhamisi. Akaeleza: huku karibu na ikweta, jua likishatua, ionosfia, yaani lile tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme, huinuka na kutoka mapovu kama uji unaochemka. Mawimbi ya setilaiti yakipita humo yanayumba, na vipokezi vyetu vinasoma uongo. Dhoruba inaweza kuyazidisha mapovu hayo. Hapo nikatoka. Nilishasikia ya kutosha, na chai ilikuwa inapoa.

Mpango: Rula apime Alhamisi, jua likishatua. Vipimo vitacheza. Na kanuni ya ofisi iko wazi: vipimo visipotulia, jiwe linawekwa kwa makubaliano ya majirani. Kwa maneno, shemeji hanifikii. Nikianza tu kutaja latitudo, anajikuna kichwa. Akili ninazo!

Jumatano, 5 Machi

Shemeji kaleta mkate wa moto. Kasema hataki ugomvi, anataka tu kujua pake ni wapi. Nikamwambia aniachie mimi. Aibu ilinigusa kidogo, ikapita. Mkate mtamu sana. Mke wangu kauliza kwa nini nacheka peke yangu. Nikasema ni mambo ya kazini.

Alhamisi, 6 Machi

Nilimbembeleza karani wa ratiba, akamtuma Rula kwanza kwenye uwanja wa shule. Kafika kwetu jua limeinama. Nikaificha miguu mitatu ya kusimamishia kipokezi nyuma ya gari. Akaitafuta. Nikamsaidia kuitafuta, kwa bidii, kila mahali isipokuwa pale. Jua likatua. Miguu ikaonekana, ajabu!

Kipokezi kikawashwa. Nikangoja namba zicheze. Zikatulia tuli! Nikamwambia Rula arudie. Palepale. Arudie tena. Palepale! Akaweka jiwe moja mbele, jingine nyuma ya nyumba, akavuta kamba. Kamba ikaupita ukanda, ikalipita gari, ikaingia dirisha moja la jiko langu na kutokea jingine. Sinki ni la shemeji. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Rula alifurahi mno. Kasema ndivyo mkuu alivyomalizia kikao: dhoruba ina tabia mbili. Ikitupiga mchana, umeme kutoka pande za ncha za dunia hupenya mpaka ikweta na kuivuruga ionosfia. Jioni nguvu hiyo inaweza kugeuka, tabaka lisiinuke, mapovu yakose pa kuota. Ndiyo maana kule shuleni alasiri vipimo vilimchezea mpaka akakata tamaa, na jioni hii ni safi kuliko zote za mwezi. Akanishika mkono, akanishukuru kwa kumchelewesha. Angekuja mchana, kasema, angeshindwa kupima, akatuachia tupatane wenyewe.

Nimelia kidogo, nyuma ya gari.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji muungwana. Kasema habomoi kitu, jiko libaki. Kisha kaja asubuhi na kiti chake, kakaa upande wake, kauliza chai iko wapi. Kahamisha sufuria zangu. Kasema rangi ya ukuta wake haimpendezi. Mke wangu kafurahi kuwa karibu na kaka yake. Nimekunywa chai barazani. Nimeumia, sifichi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata ufumbuzi! Ardhi niliyopoteza upande huu nitaifidia upande ule. Kosa lilikuwa saa tu, si mpango. Mkuu kasema lile doa la jua lililotema moto litazunguka na kutuelekea tena mwisho wa mwezi. Safari hii nimeomba tupimwe mchana. Jirani wa upande ule kahamia juzi, mzee mpole, mambo ya anga hayajui kabisa. Kazi yake hakimu. Mke wangu kauliza, ukizuka mzozo, kesi itasikilizwa na nani. Sikuelewa swali lake.