Mjomba Anauliza Shamba Limekwenda Wapi

Mhezi, Same
Tarehe 23 Juni

Kwa Mzee Melkizedeki,
Mwenyekiti, Umoja wa Wenye Boti za Wageni,
Bwawa la Nyumba ya Mungu.

Ndugu Mwenyekiti, ambaye malalamiko haya yakipata ufumbuzi utakuwa pia Mkwe wangu,

YAH: KUTOONEKANA KWA SHAMBA LA KIJANA WAKO WILBARD

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, lakini kwa kuwa wewe ni mtu wa majini na mimi ni mtu wa milimani, nitaeleza tena.

Jina langu unalijua. Mimi ni Eliamini, bwana shamba mstaafu, mjomba wa Jenifer. Nakuandikia bila hasira. Hasira nilikuwa nayo wiki iliyopita, nikaitumia kupalilia migomba, ikaisha. Nilichobaki nacho ni maswali, na maswali nimefundishwa tangu kazini kuyapanga kwa namba.

Kwanza nikukumbushe tulikotoka. Jenifer ni mtoto wa dada yangu marehemu. Mimi na mke wangu Raheli tumemlea tangu akiwa darasa la pili, na kwa utaratibu wetu siwezi kumtoa kwa mtu ambaye sijaona kwao. Kuona kwao maana yake ni kuona shamba. Nyumba inaweza kuazimwa. Hata ng'ombe wanaweza kuazimwa asubuhi wakarudishwa jioni, na nimewahi kuona hivyo. Shamba haliazimwi, unalikuta pale ulipoliacha. Ndivyo nilivyoamini kwa miaka sitini na saba, hadi nilipokutana na familia yako.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Tulikuja kukagua, tukatembezwa. Mwezi wa pili tuliteremka watu watatu: mimi, Raheli, na Mzee Loth ambaye ni mzee wa kanisa. Tulikunywa chai Same, tukapita Kifaru, saa nne tukawa bwawani tukitarajia kupewa viti na maelezo. Badala yake kijana wako alituvisha majaketi ya kuelea ya rangi ya chungwa akatuingiza kwenye safari yake ya wageni: visiwa vitatu, ndege, picha, chakula, kurudi saa kumi. Adabu anayo, sikatai. Alinipa shikamoo mara mbili, ya pili akiwa tayari anawasha injini. Lakini mimi nilikuwa na daftari lenye maswali kumi na manne kuhusu eneo, mipaka na chanzo cha maji, na sikuuliza hata moja, kwa sababu mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika ubao wa boti. Picha ya Mzee Loth akiwa na lile jaketi ilifika Mhezi kabla yetu. Sasa kwaya nzima inamwita Nahodha, na jambo linalonisikitisha ni kwamba anaitika.

2. Visiwa vyenyewe. Kitu mlichotuonesha kwa fahari kubwa ni kilele cha kilima. Nasema hivi kama mtu aliyezaliwa kwenye kilele. Huku kwetu vilele ni vingi na hakuna anayevaa jaketi kuvitembelea. Mwezi wa saba ukungu ukijaa mabondeni, nyumba yangu yenyewe huwa kisiwa hadi saa tatu asubuhi, na hakuna aliyewahi kuniletea mgeni wala kunipiga picha.

3. Hapa ndipo penye kiini. Siku ile ya mwezi wa pili, kwenye kisiwa cha pili, Wilbard alitushusha akatuonesha shamba lake. Lilikuwepo. Nililipima kwa hatua, themanini kwa hamsini. Nilichukua udongo nikaufikicha, nikaunusa. Mahindi yalikuwa yamebeba mawili mawili. Kasoro ilikuwa moja tu, kwamba shamba halikuwa na alama za mpaka, nami kwa mkono wangu mwenyewe nikachomeka masale, mimea yetu ya mpaka, niliyotoka nayo Mhezi, marefu ya kufika kifuani, kwenye kona zote nne kama tunavyoweka mipaka huku. Nikarudi nikauambia ukoo kwamba kijana ana ardhi nyeusi, yenye rutuba, na inayoshika unyevu vizuri. Kuhusu unyevu sikukosea.

Jumamosi mbili zilizopita tulirudi, safari hii na wazee sita wa ukoo, ili nao waone kwa macho yao kabla tangazo la ndoa halijasomwa kanisani. Tuliondoka ufukweni vizuri. Boti ikaenda, ikaenda, halafu Wilbard akazima injini katikati ya maji matupu. Nikadhani imeharibika. Akavua kofia, akaniambia kwa adabu zake zote: "Mjomba, tumefika shambani."

Wazee sita waliangalia maji, kisha wakaniangalia mimi. Nilifunga jiwe kwenye kamba nikalishusha. Futi saba katikati ya shamba, futi tatu na nusu kwenye kona ya juu. Kati ya masale yangu manne ni moja tu lililokuwa limetoa ncha, limepinda, na juu yake alikuwa amekaa mnandi, yule ndege wenu mweusi, ameanika mabawa. Mzee mmoja akaniuliza, bila kucheka, kama huyo ndiye jirani tunayepakana naye.

4. Nilipouliza shamba limekwenda wapi, Wilbard alisema halijaenda popote, limefunikwa tu, na kwamba maji yakishuka mwezi wa kumi litarudi lenyewe. Sasa nisikilize, Mwenyekiti. Huku Mhezi tuna ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Ndiva yetu ni ndogo, inajaa usiku, inafunguliwa asubuhi kwa zamu, na mwenye zamu anajulikana kwa jina na kwa baba yake. Maji yakiingia kwenye shamba la mtu nje ya zamu, kamati inakaa siku hiyohiyo. Naomba kujua, kwenye hiyo ndiva yenu kubwa, zamu ni ya nani? Na kwa nini haijafunguliwa tangu masika yaanze? Ombi langu ni dogo. Mwenye zamu aifungue, maji yashuke futi saba kwa siku moja, Jumamosi, kuanzia saa nne hadi saa saba mchana, wazee wakanyage shamba, halafu ayarudishe. Sidhani kwamba ni jambo gumu kwa watu wenye maji mengi kiasi hicho.

5. Nilipomaliza kupima kina, kijana wako, badala ya kuomba radhi, alitupa wavu palepale, juu ya hatua zangu themanini kwa hamsini, akatoa perege kumi na mmoja. Akasema kiangazi anavuna mahindi, maji yakipanda anavuna perege, na shamba ni lilelile. Mama Asteria, mkeo, akawakaanga. Wazee sita ambao saa moja kabla walikuwa wamenuna, sasa wakawa na maneno mengi mazuri kuhusu familia yako. Nalalamika kwamba ushahidi uliliwa. Mimi pia nilikula, wawili, lakini nilikuwa nakagua.

Zaidi ya hapo, fomu ya ndoa inauliza kazi ya bwana harusi, na nafasi iliyoachwa ni ya neno moja. Niandike mkulima au mvuvi? Katibu wa usharika anasema hawezi kuandika kwamba inategemea mvua.

6. Mke wangu. Raheli nilikwenda naye kama shahidi wangu, naye amegeuka shahidi wenu. Alitumbukiza mkono majini njia nzima, kwenda na kurudi. Kwa miaka arobaini na mmoja sijawahi kumsikia akiimba nje ya kanisa, na siku ile aliimba. Tangu turudi anasema hatujakagua vya kutosha, kwa sababu kwenye kile kisiwa cha tatu tulipita tu bila kushuka.

7. Hoja ya mwisho nimeitafakari kuliko zote. Ikiwa kwenu shamba linaloonekana miezi sita na kupotea miezi sita ni shamba halali, mimi siwezi kubishana na watu wa majini juu ya maji yao. Nakubali. Lakini haki iwe sawa kwa pande zote, na mke naye awe hivyohivyo. Jenifer aolewe mwezi wa kumi, shamba likitoka. Akae kwenu hadi mwezi wa tatu, alime, avune. Mwezi wa nne maji yakipanda arudi Mhezi, akae kwangu hadi mwezi wa tisa. Hatakuwa ameachika. Atakuwa amefunikwa tu. Wilbard akiuliza amekwenda wapi, atajibiwa kama nilivyojibiwa mimi.

Na kazi ya kufanya huku ipo. Kuna migomba, kuna tangawizi kwenye matuta ya chini, kuna Raheli ambaye goti moja halitaki tena kupanda mlima. Kuna mimi, ambaye nikitoka bila koti asubuhi ya baridi lazima kuwe na mtu wa kunigombeza, na Raheli amekwishachoka kunigombeza. Hatukujaliwa mtoto mwingine, Mwenyekiti. Tena huku Mhezi hakuna anayejua kuogelea. Ndiva yetu ikijaa kabisa inafika kifuani, na huyo mtoto amekulia hapahapa, hajui maji yasiyo na chini. Tangu nirudi kutoka kwenu, mvua ikinyesha naamka nahesabu futi. Nalisema wazi jambo hili ili isije ikadhaniwa kwamba ni mahindi tu yanayoninyima usingizi.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mambo matatu. Shamba lirudi mahali pake. Au Jenifer arudi kwangu nusu ya kila mwaka. Au Wilbard ahamie huku milimani pamoja na kisiwa chake, nami niko tayari kumwonesha kiwanja ambacho hakijawahi kuzama tangu enzi za babu yangu. Hadi nitakapojibiwa kwa maandishi, tangazo la ndoa halitasomwa. Nimeshamwomba mchungaji akalifungie kabatini, amekubali, ingawa alitabasamu kwa namna ambayo sikuipenda.

Namsalimu sana Mama Asteria, na umwambie wale perege walikuwa na chumvi ya kutosha. Nawasalimu wanachama wote wa Umoja wenu, pamoja na yule kijana wa mashine ya barafu aliyenipisha kwenye kiti. Wilbard naye msalimu, kwa kiasi. Na mnandi wa mpakani aambiwe asijizoeshe.

Wako ninayesubiri maji yashuke,

Eliamini
Bwana Shamba Mstaafu, na Mjomba

Nyongeza: Lazima nikuambie kwamba mwandiko huu si wangu. Macho yangu hayaoni vizuri mistari, kwa hiyo mimi nimesema na Jenifer ameandika. Kwenye namba tano alicheka hadi akaharibu karatasi moja. Namba saba aliiandika hadi mwisho bila kuinua kichwa. Kisha akafunika kalamu, akasema: "Mjomba, mimi nitakuja nyumbani hata maji yakiwa yameshuka."

Nikamwambia basi aifute namba saba. Amekataa. Anasema baba mkwe lazima aisome, ili ajue anachukua mtoto wa nani.

Kwa sababu hiyo tangazo la kwanza litasomwa Jumapili hii. Kwenye nafasi ya kazi tumeandika mkulima, na katibu amekubali kuongeza mvuvi pembeni kwa penseli.

Jambo jingine. Ombi la kuifungua ndiva yenu ulisimamishe kwanza, kwa sababu sasa huenda nisihitaji maji yashuke. Kwa wiki hizi mbili, kila asubuhi kabla mwenye zamu hajafungua, ninaingia kwenye ndiva yetu nikiwa nimeshikilia gogo la mgomba. Siku nne za mwanzo nilikuwa nashika gogo kwa mikono miwili, sasa nashika kwa mmoja. Jenifer ameanza jana, na tayari ananipita. Kamati ya ndiva imeniandikia barua ya malalamiko yenye hoja tano, zote ni za kweli, na nimewaomba wanivumilie hadi harusi ipite.

Naweza kukaa chini ya maji kwa hesabu ya kumi na mbili. Wilbard anasema upande ule wa kisiwa hauna mamba, nami namwamini, ila naomba uniletee uthibitisho wa mwenyekiti kwa maandishi. Jumamosi aje na boti mapema, aniwekee nafasi ya mbele, na Raheli ashushwe kisiwa cha tatu. Mimi nishushwe shambani. Futi saba si mbali. Nikifika chini nikaushika ule udongo, nikaukuta kama nilivyouacha, nitapanda juu niwaambie wazee kwamba nimeona kwao.