Mguu Uliochomwa Leza

Jumatatu, 8 Julai
Nimevaa kaptura makusudi. Mjane Dolores anatafuta mwenzi wa kucheza naye dansi ya polka Jumamosi, ukumbi wa parokia. Kachoka na wazee wanaoomba kiti wimbo wa pili. Anataka miguu ya kuaminika. Mshindani wangu ni Ervin, jirani, muuza nyama mstaafu. Mishipa ya miguu ilimvimba kama mimi, lakini yeye alipasuliwa, wakaing'oa. Mimi nilichomwa leza, miaka mitano sasa. Kitobo kama cha sindano, nikarudi nyumbani natembea! Nimemwonyesha Dolores mguu wa kushoto. Laini kama yai.
Ervin kaangua kicheko. "Kaz, acha uongo! Uliochomwa ni huo wa kulia, wenye mishipa kama minyoo!"
Yeye ana makovu ya kuonyesha. Mimi sina hata alama. Hasara ya tiba safi!

Jumanne, 9 Julai
Ni upi hasa? Nimevaa miwani miwili, nikatafuta kitobo. Wapi! Nakumbuka dirisha la kliniki lilikuwa upande wa mguu uliochomwa. Mguu gani, sikumbuki. Marehemu mke wangu angejua.

Jumatano, 10 Julai
Kliniki. Nesi kanipaka uji baridi, kapitisha kifaa chake cha kuonea mishipa. Ni wa kulia! Anasema mshipa uliochomwa umeziba vizuri hadi leo. Hii inayoonekana ni mipya, imeota pembeni. Nikamuuliza, sasa nimepona au sijapona? Anasema yote mawili. Wa kushoto haujawahi kuguswa. Yaani mguu mzuri ni ule waliouacha! Kanipa soksi ndefu ya kubana, rangi ya ngozi, nivae kila siku kama nilivyoambiwa tangu mwanzo. Mimi, soksi za bibi harusi? Kisha nikaona inavyofunika minyoo. Nimeichukua.

Jumamosi, 13 Julai
Nimecheza nyimbo zote! Mguu mwepesi, hauumi hata kidogo. Leza hiyo! Ervin yuko kitini, anasugua goti.
"Leo umeniweza, mzee," Dolores kaniambia.
Ningenyamaza hapo. Lakini nikapanda juu ya benchi, nikapandisha suruali, ukumbi mzima uone. Ervin akasogea, akafinya. "Jamani! Ngozi ya soseji hii!" Akaivuta soksi. Minyoo yote nje. Hata mpiga kodiani alisimama kucheka.

Jumapili, 14 Julai
Dolores kanishika mkono baada ya misa. Kasema mishipa si kitu, hata yeye anayo. Nivae tu soksi yangu, tucheze tena wiki ijayo. Maskini, anaona haya kunikataa. Mwanamke hasemi hivyo kama hana jambo analoficha. Soksi nimeitupa. Nimeacha ujumbe kwenye simu ya kliniki: wanichome leza mguu wa kushoto pia, ule mzima, ili nisisahau tena uliochomwa ni upi.