Vita Yangu na Saa ya Ukutani

Jumatatu, 4 Machi
Nimechelewa tena! Msimamizi amesema nikirudia, nikabidhi mkasi wa kukatia vitambaa na niende zangu. Kazi hii nilitafutiwa na shemeji, kaka wa mke wangu, fundi cherehani humu humu karakanani. Nikifukuzwa, nitasimangwa hadi nizeeke. Jioni nimebaki nyuma, nikarudisha saa ya ukutani robo saa. Kazi kwisha.

Jumanne, 5 Machi
Nimeingia kwa madaha. Saa imejirekebisha yenyewe! Pona yangu, msimamizi alikuwa msalani. Shemeji kanieleza huku akicheka: saa ile ina redio ndani. Usiku hupokea mawimbi kutoka mnara wa mbali, wenye saa isiyokosea, na mishale hujisogeza. Kumbe nagombana na mnara!

Jumatano, 6 Machi
Nimemuuliza shemeji, kijuujuu tu, kama saa hiyo inaweza kuwa kiziwi. Kasema ikizibwa kwa bati haisikii kitu. Bati sina. Nina foili iliyofungia chakula changu cha mchana. Jioni nimeirudisha saa nyuma tena, nikaiviringishia foili mgongoni mwake. Kucha nimezitafuna zote.

Alhamisi, 7 Machi
Imekubali! Nimelala zaidi kidogo na bado nimewahi. Msimamizi kanisifu mbele ya watu. Lakini jioni kengele ya kutoka kazini haikulia kwa wakati. Kumbe msimamizi naye huipiga kwa kufuata saa ile ile! Basi la wafanyakazi likatuacha. Tumerudi kwa miguu, wote wamefura. Nimelalamika kuliko wote, wasinishuku.

Ijumaa, 8 Machi
Wameishusha saa kuikagua. Foili ikatoka, inanuka samaki wa pilipili. Msimamizi kauliza ni ya nani. Nikainama kutafuta sindano. Shemeji kainusa, akasema pilipili ile anaijua tangu utotoni, ni mkono wa dada yake. Nimekabidhi mkasi. Mke wangu kanipakulia wali mtupu, bila samaki. Bora angefoka.

Jumapili, 10 Machi
Kosa langu nimeliona: nilihangaika na saa, kumbe mkubwa ni mnara! Jana nilipiga simu kuomba kazi ya ulinzi huko mnarani. Wamesema nifike kesho asubuhi, na mchelewaji asijisumbue kuja. Roho juu juu! Mke wangu kaniwekea saa ya mezani ya kuniamsha, ya redio kama ile. Nimeirudisha nyuma kidogo, nipate usingizi wa kutosha, kisha nikaifunga vizuri kwenye foili. Safari hii foili ni mpya, haina harufu.