Siku Saba za Kisamvu na Pumzi

Mgeni aliyeshuka Kibiti asubuhi ile ya Machi hakuwa na nia ya kushuka Kibiti. Basi la Lindi lilifika hapo likagoma kuendelea, kwa kuwa mto ulikuwa umejaa na kivuko kimesimama, na utingo akawatangazia abiria, kwa sauti ya mtu anayegawa zawadi, kwamba wako huru kulala popote wapendapo. Mgeni huyo aliitwa Hilari. Alijifunga shuka la rangi ya machungwa kutoka begani hadi miguuni, si kwa ajili ya imani yoyote, bali kwa sababu suruali yake ya pekee ilikuwa tope tupu baada ya kusukuma basi mara tatu. Shuka lenyewe zamani lilikuwa pazia la hoteli moja ya Kisutu, Dar es Salaam, isiyopika nyama wala samaki. Hilari aliosha vyombo hapo miaka miwili, hadi siku alipokutwa stoo na paja la kuku.

Aliketi kwenye kibanda cha mama ntilie mmoja sokoni, mwanamke wa Ruaruke aitwaye Sikudhani, akaagiza supu ya mbuzi. Alikwisha kunywa nusu bakuli, na mkono wake ulikuwa unauendea mfupa, pale kivuli kikubwa kilipoangukia meza. Mwenye kivuli akauliza kwa adabu kama mgeni ni mmoja wa wale walimu wasiokula nyama, wanaofundisha watu kupumua. Alikuwa amewasikia redioni.

Mkono ukasimama hewani. Hilari akamtazama muulizaji: mtu wa makamo, mnene, jasho likimchuruzika kana kwamba amebeba gunia, ilhali alibeba leso tu. Mtu mwingine angeona mgonjwa. Hilari aliona saa ya dhahabu.

"Supu hii nimeiagiza ili nijipime," alisema taratibu, akilisukuma bakuli mbali. "Kila siku najipima."

Sikudhani alilitazama bakuli, akaona kiasi cha kipimo kilichokwisha kupita kooni, akaliondoa.

Mwenye saa aliitwa Mfaume. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na kila mwenye baiskeli akawa mnunuzi, yeye alianza kwa kuzungukia vijiji akikusanya korosho. Sasa alikuwa na maghala mawili, redio tatu na kitambi kimoja kilichotosha watu wawili. Daktari alimwambia apunguze nyama na mafuta. Mfaume alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akaenda kula ili apate nguvu za kuanza.

Kufikia adhuhuri Hilari hakuwa Hilari tena. Alikuwa Mwalimu Hilarananda, aliyekaa mlimani miaka kumi na miwili. Mlima gani, aliwaachia wasikilizaji wachague. Angewafundisha watu wachache, siku saba tu, ndani ya ua wa Mfaume: chakula cha mboga, pumzi, na utulivu wa moyo. Ada hakuitaja, jambo lililowafanya watu waamini kwamba ni kubwa mno, na wakaona fahari kuandikishwa.

Waliandikishwa saba. Baada ya Mfaume alikuja Bwana Lucas, afisa wa serikali kutoka bara, aliyesikia kwamba mafunzo yanampandisha mtu ngazi za ndani, naye akahesabu kuwa ngazi za ndani haziko mbali na uhamisho wa Dar es Salaam. Akaja Bi Mwanaamina, tajiri wa visiwani aliyeuza kamba wa baharini, mwenye bangili za dhahabu zilizokaribia kiwiko. Wanne waliobaki walikuja kwa sababu hao watatu wamekuja. Bi Mwanaamina alitaka kujua mapema kama jambo hili ni ibada, maana yeye anayo yake inayomtosha. Hilari akamtuliza: sala za kila mtu zibaki palepale zilipo, yeye anashughulika na tumbo na pumzi, na hivyo viwili havina dhehebu.

Tatizo lilikuwa moja. Mwalimu wa mapishi hakujua kupika, alijua kuosha. Akamwendea Sikudhani na kumwomba awe mpishi wa kambi. Sikudhani alipuliza moto kwanza.

"Mwalimu hasa anafundisha nini, kaka?"

"Ninatafsiri," alisema Hilari. "Wewe utapika, mimi nitaeleza maana yake."

Ikawa hivyo. Siku ya kwanza Sikudhani alipika kisamvu cha nazi kwa ugali wa muhogo, na Hilari akaeleza kwamba jani la muhogo hutwangwa, huchemshwa, kisha hutulia, na nafsi nayo njia yake ni hiyohiyo. Matajiri wakatikisa vichwa. Siku ya pili zilikuja kunde, mchicha na boga, na Hilari akasema boga ni mboga ya watu wasiojikweza. Bwana Lucas aliandika maneno hayo kwenye daftari la ofisi. Sikudhani, akipakua, alisikika akimwambia Johari, mke wa Mfaume, kwamba kitu hiki Mwalimu anachokiita mfungo wa mwanga wao Ruaruke wanakiita Februari, ghala likiwa tupu.

Siku ya tatu Bwana Lucas alikutwa chooni na mishikaki minne. Mwalimu Hilarananda alihuzunika sana. Alimpa adhabu ya bamia siku mbili, akaichukua mishikaki ikachunguzwe, akaichunguza mwenyewe nyuma ya ghala hadi vijiti vikabaki vyeupe.

Siku hiyohiyo Sikudhani alisema mikono yake imechoka kuwatwangia watu saba wenye afya. Hilari, ambaye hakuwahi kukosa jibu, akatangaza kwamba kuanzia sasa kutwanga ni somo. Sikudhani akakamata usukani bila kuombwa. Akamsimamisha Mfaume mbele ya kinu, akampa mchi.

"Ukipanda, vuta pumzi. Ukishuka, itoe," alimwambia. "Usipigane nao, mzee. Mchi hauna haraka yoyote."

Mfaume akatwanga. Mwanzoni kifua kilipiga mluzi kama birika. Baadaye mluzi ulipungua, na kwa muda wa sufuria moja ya maharage kuchemka hakuna aliyezungumza. Ilisikika sauti ya mchi tu na pumzi ya mtu mnene ikiingia na kutoka sawasawa. Hilari alikuwa na kijitabu cha picha alichokiokota Kisutu, chenye kurasa za kupumua zilizochanika. Alikirudisha mfukoni polepole. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya kudanganya watu, alijikuta anaangalia kitu kikifanya kazi kweli, na hakupenda hali hiyo hata kidogo.

Siku ya nne alifundisha zoezi ambalo ndilo lililokuwa shabaha yake yote. Liliitwa mlalo wa maiti. Mtu hulala chali, mikono pembeni, amefunikwa shuka jeupe, macho yamefumbwa, hajigusi wala haguswi, hadi mwalimu amwamshe. Wote walilala isipokuwa Mfaume, aliyebaki kitini mwake na kusema mgongo unamsumbua. Wengine walipokwenda kunawa, alimvuta Hilari kando.

Hakuwa na mgongo unaosumbua. Miaka mitatu iliyopita kaka yake, Bwanaheri, alijilaza chali baada ya chakula cha mchana, akawaambia watu wamwamshe alasiri. Watu walisahau. Walipokumbuka hakuwa wa kuamshwa tena. Tangu hapo Mfaume hakuthubutu kulala chali wala ubavu; alilala amekaa kitini, na kila akisinzia aliruka. Mkewe alidhani ni joto. Sasa alitaka kulala. Hakutaka mwanga wala ngazi, alitaka kulala tu kama watu.

"Lakini uniamshe wewe mwenyewe," alisema. "Sitafumbua macho kabla. Nikifumbua kwa hofu mara moja tu, najijua, sitalala tena maisha yangu."

"Nitakugusa hapa," Hilari akamwekea kidole kwenye paji la uso. "Ukisikia kidole changu, umerudi."

"Niahidi."

"Nimekuahidi, mzee."

Ikumbukwe kwamba Hilari alikuwa ameacha ahadi katika wilaya saba, na hakuna hata moja iliyowahi kumkosesha usingizi.

Siku ya saba alitangaza mlalo mkuu. Kabla yake kila mtu atue mizigo ya dunia ndani ya kikapu kimoja cha ukili. Ikaingia saa ya Mfaume, zikaingia bangili za Bi Mwanaamina, zilizotolewa kwa sabuni na dua, ikaingia redio ndogo ya Bwana Lucas, zikaingia pete na mikufu ya wale wanne. Wakalala mstari mmoja uani, saba, chini ya mashuka meupe. Wa mwisho kulala alikuwa Mfaume. Alijishusha kidogo kidogo, kama mtu anayeingia maji asiyojua kina chake, akalaza kichwa, akafumba macho.

Hilari alisubiri hadi pumzi zao zikawa sawa. Kisha akabeba kikapu na kutoka kwa mlango wa nyuma. Kwenye stendi lori la mwisho la Dar es Salaam lilikuwa linanguruma, limejaa boriti za mikoko. Dereva wake, Kondo, alisema mawingu yale yakifika barabara inafungwa labda wiki mbili. Hilari akapanda mbele, kikapu mapajani.

Alikuwa amefikiria kila kitu, ila wazo la mashuka meupe alilitoa kwenye picha za kijitabu chake, hakukumbuka kwamba Kibiti shuka jeupe ni sanda. Wanawake wawili waliokwenda kurudisha ungo kwa Johari walichungulia uani na kuona miili saba imelazwa kwa mstari, imefunikwa nyeupe. Hawakuuliza. Waliangusha ungo wakarudi sokoni, na habari ikatangulia mbele yao. Maduka yakafungwa. Wanaume wakatoka na majembe bila kuambiana. Kondo akazima injini.

Hilari akamuuliza kulikoni.

"Kuna msiba kwa Mfaume. Watu saba kwa mpigo," alisema Kondo, akivaa kofia yake. "Siwezi kuondoka na kuwapita. Twende tukachimbe."

"Hawajafa."

"Umejuaje?"

Hilari alijua wako hai, alijua wamelala mlalo gani na kwa muda gani, na hapakuwa na njia hata moja ya kueleza alivyojua bila kueleza kikapu. Alisema tu kwamba moyo wake unamwambia. Kondo akasema moyo wake yeye unamwambia kuna makaburi saba na ardhi imelowa.

Uani kwa Mfaume vilio vilikwisha kuanza. Bi Mwanaamina, akisikia anasifiwa kwa wema ambao hakuukumbuka, alifunua shuka ili asikie vizuri. Waliokuwa karibu wakakimbia, baadhi wakipitia ukuta. Bwana Lucas akaketi na kuuliza kuna nini. Mchimba kaburi mmoja akamwomba msamaha na kutoweka. Ndani ya dakika chache marehemu sita walikuwa wamesimama wakitafuta saa zao, pete zao na mwalimu wao.

Habari ya ufufuo ilifika stendi haraka kuliko ile ya msiba. Kondo alicheka mpaka akajifuta machozi, akawasha injini. Hilari naye alicheka, na kwa mara ya kwanza akaegemea kiti.

Hapo ndipo Sikudhani alipotokea dirishani, amejitanda kanga, anahema. Hilari alikishika kikapu kwa mikono yote miwili.

"Sikuja kwa ajili ya kikapu," alisema Sikudhani. "Kikapu hicho nilikijua tangu supu."

"Sasa?"

"Wote wameamka isipokuwa Mfaume. Mkewe amemtikisa, wamempigia kelele, watu wanamcheka. Anajibu humohumo ndani ya shuka, kwamba mwalimu bado hajamgusa. Wamemwambia mwalimu amekimbia. Anasema umemuahidi."

Hilari akatazama mbele. Matone ya kwanza yalianza kupiga kioo.

"Mwambie anyanyuke tu. Mwambie mimi nimesema."

"Nimemwambia. Amesema maneno si mkono wako." Sikudhani aliisogeza kanga kichwani. "Mimi nimeshafikisha. Safari njema, kaka."

Akaondoka, bila kugeuka. Kondo akaingiza gia. Hilari akamwomba amsubiri robo saa. Kondo akamwonyesha mawingu na kusema akimsubiri robo saa watalala matopeni wote wawili. Ama anakwenda ama anashuka. Lori lilianza kusogea. Lilikwenda hatua ishirini, pengine thelathini, kisha mlango ukafunguka na mtu mwenye shuka la machungwa akaruka akiwa amekumbatia kikapu.

Alirudi kwa miguu katikati ya mvua. Hakujificha, hapakuwa na pa kujificha, njia nzima ilikuwa imejaa watu wa msibani wanaorudi na majembe yao. Uani umati ulimfungulia njia. Bwana Lucas aliiona redio yake ikichungulia kikapuni, akaelewa kila kitu mara moja, akamkamata Hilari shuka begani kwa mkono wenye nguvu za mtu aliyekula bamia siku mbili.

"Dakika moja," alisema Hilari. "Dakika moja tu, kisha mimi ni wako."

Akaweka kikapu chini. Mfaume alikuwa palepale, chali, shuka limelowa likamshika mwili wote. Johari alikuwa amesimama juu yake na mwavuli. Kifua chini ya shuka kilipanda na kushuka, taratibu, kwa mwendo wa mchi. Hilari alipiga magoti kwenye tope, akafunua uso, akaweka kidole kwenye paji la uso lenye matone.

Mfaume akafumbua macho.

"Umekawia," alisema.

"Nimekawia, mzee."

"Nililala," akasema Mfaume, akimtazama mkewe. "Johari, nililala kabisa."

Nyuma yao Bwana Lucas alikohoa kutangaza kwamba dakika imekwisha, na Hilari akanyanyuka na kumpa mikono yote miwili.