Kingi Yuko Kizuizini

Redio ya Mama Chai ilikatiza muziki ghafla: watu waliowekwa kizuizini kwa usalama wa taifa, bila kushtakiwa kwa kosa lolote, wamekwenda mahakamani kupinga.

"Wanapinga nini?" Mkasi, kinyozi, alidakia huku macho yakiwa kwenye drafti. "Mtu akipanga ubaya, mdake kabla! Usalama kwanza!"

Leo alikuwa na kiburi, na haki yake jamani. Miaka nenda rudi bingwa wa kijiwe ni Kamanda, mlinzi wa ghala. Sasa Mkasi kabakiza hatua moja: kingi wake ale kete mbili za mwisho za Kamanda, ubingwa uhame. Ila awahi, maana birika la Mama Chai likikauka kabla mchezo haujaisha, bingwa hubaki bingwa.

Kamanda akanyoosha mkono, akamnyanyua kingi wa Mkasi, akamtia mfukoni.

"We! Unafanya nini?"

"Nimemweka kizuizini. Nina taarifa alikuwa na nia ya kula."

"Si ndiyo kazi yake!"

"Mmesikia? Amekiri."

Gundi, fundi viatu, alicheka nusura ameze misumari iliyokuwa mdomoni.

"Ushahidi uko wapi?" Mkasi aliuliza.

"Siri ya usalama. Nikikuonyesha, itabidi na wewe nikutie mfukoni."

"Naenda mahakamani!"

Mahakama ni Mama Chai. Kesi zote za drafti hapa anaamua yeye.

"Kamanda, huyu kingi kamla nani?"

"Bado, mheshimiwa. Nimemuwahi."

"Basi mwachie. Kizuizi ni batili."

Mkasi aliruka, akamkumbatia Gundi pamoja na kiatu alichokuwa akishona. Kamanda akamtoa kingi, akamgusisha ubaoni kwa heshima zote, kisha akamtia mfuko wa pili.

"Kamanda!"

"Mheshimiwa, yule nimemwachia. Huyu nimemkamata upya, kwa taarifa mpya."

"Hilo ni ombi jingine," Mama Chai alisema, akiinamisha birika. Halikutoa hata tone. "Lilete kesho. Mahakama inaosha vikombe."

Mkasi alitaka kulia, na wala hakuficha.

"Lakini kesi nimeshinda mimi!"

"Umeshinda, mdogo wangu, tena hongera sana," Kamanda alisema, akimpa mkono. "Na bingwa ni mimi."