Kungumanga kwa Ncha ya Kisu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Habari nzito. Jumamosi ya wiki ijayo afisa anakuja Pujini kuchagua mtembezaji mmoja rasmi wa wageni kwenye magofu. Mmoja! Tuko wawili: mimi, Masika Kificho, miaka kumi na moja kazini, na Nyange, miaka mitatu tu. Nyange hasahau kitu. Mimi leo nimewaambia Wajerumani kuwa ngome ilijengwa karne ya kumi na tano, na tulipofika kisimani nikasema ya kumi na nane. Nyange akakohoa. Kikohozi cha makusudi.

Lakini! Mchana nimeona video kwenye simu. Mzungu mwenye ndevu anameza chembe ya uyoga wa kulevya kila siku ya tatu. Chembe tu, haimleweshi. Anasema huzuni imemtoka, akili imemfunguka, na amejifunza Kireno. Nimeitazama mara nne. Chembe inafanya nini huko ndani? Inaingilia wapi? Sijapata kuwa na hamu ya elimu kiasi hiki.

Jumanne, 9 Septemba

Nimempigia Saada, binti wa kaka yangu, muuguzi Chake Chake. Nimesema nauliza kwa niaba ya rafiki.

"Rafiki huyo ndiye wewe, ami?"

Nimekana. Kasema uyoga ule umekatazwa na sheria, na anayejiokotea porini anaweza kuokota wa sumu ukammaliza ini. Kasema ni kweli madaktari huko nje wanauchunguza kwa wagonjwa wenye huzuni nzito, lakini hiyo ni dozi kubwa, na mtu anasimamiwa. Hii ya chembe chembe ni habari nyingine. Watu wanaisifu sana, ila walipopimwa, baadhi ya waliopewa vidonge vitupu, visivyo na uyoga wowote, nao walisema akili zimewafunguka. Na mtu akiitumia miaka na miaka, hakuna ajuaye kwa yakini moyo utakuwaje. Akanishauri nisome daftari langu la historia na nilale mapema.

Ushauri wa kusikitisha.

Jumatano, 10 Septemba

Uyoga nimeuacha. Lakini Bi Mgeni, jirani yetu, kanipa siri bila kujua! Alikuwa anasimulia kuwa zamani wanawake wakitia kungumanga kwenye uji kabla ya kwenda ngomani, wakicheza hawachoki. Kungumanga! Mti uko nyuma ya choo changu!

Baada ya alasiri nimekwenda kwa Shehe Bakari, tena kwa niaba ya rafiki. Kasema kinacholewesha kwa wingi, hata uchache wake ni haramu. Nikauliza, na kungumanga ya kwenye pilau je? Kasema hapo wanazuoni wamehitilafiana, wapo walioruhusu kidogo kwa kiungo. Nimeshukuru nikaondoka kabla hajamaliza. Kwa kiungo! Uji nao si chakula?

Nimesaga, nimetia koponi, nimeficha nyuma ya gunia la mchele.

Alhamisi, 11 Septemba

Dozi ya kwanza. Ncha moja ya kisu kwenye uji. Ladha nzuri, inakaribia mdalasini. Kungumanga bora ndivyo ilivyo, nafikiri. Nikakaa barazani na daftari mapajani nisubiri dalili. Zikapita saa mbili. Kwa kukosa la kufanya, nikasoma. Kufika adhuhuri, ajabu! Wareno walifika lini? Najua! Mwanamize, mke wangu, kapita mara tatu akinitazama. Kauliza kulikoni. Nimemwambia elimu.

Jumapili, 14 Septemba

Dozi ya pili. Tena barazani, tena daftari. Moyo mkunjufu. Nimemsalimia Nyange mimi kwanza! Walikuja wanafunzi, nikawaeleza kile kisima kilichotiwa ukuta katikati ili wake wenza wawili wa mtawala wasionane. Nikataja karne, nikataja kuta, sikukosea hata mara moja. Nyange hakukohoa. Baadaye kanivuta pembeni akaniuliza nakula nini siku hizi.

Uji, nimemwambia.

Jumatano, 17 Septemba

Dozi ya tatu. Nimempigia Saada nimsimulie ugunduzi wa rafiki. Akapandisha sauti. Kasema kungumanga ikizidi moyo huenda mbio, mtu hutapika, huona visivyokuwepo. Na huchelewa kufanya kazi, kwa hiyo mtu hudhani bado, akala nyingine. Hapo ndipo wengi wanapoumia. Nikasema rafiki anatumia ncha ya kisu tu.

"Mwambie asizidishe, ami. Na akiacha kabisa nitamwombea dua."

Nimeandika kwa herufi kubwa: ASIZIDISHE.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimefikiri. Ikiwa ncha ya kisu imeniletea karne, punje nzima itaniletea mwaka na mwezi. Labda na siku! Saada anasema juu ya watu wengi. Mimi si wengi, ni mmoja. Nimekwenda mtini, nimechagua punje kavu, nzito. Kesho alfajiri.

Jumapili, 21 Septemba

Jana sikuandika. Kalamu ilikuwa inanikimbia.

Nilikula punje baada ya sala ya alfajiri. Ikapita saa moja, hakuna dalili. Nikala ya pili. Saa nne akafika afisa, Bi Rahma, mwanamke mpole mwenye faili. Nikaanza vizuri. Karne sahihi! Kisha mdomo ukakauka, ulimi ukawa wa mtu mwingine. Moyo ukanienda mbio nikausikia masikioni. Tulipofika kisimani, ukuta ulikuwa unapumua. Nikamwomba Bi Rahma asiseme kwa sauti, mke mdogo amelala. Akaandika. Nikawalilia wale wake wawili, kwa zamu, nisimwonee mmoja. Nikataka ukuta uvunjwe palepale wasuluhishwe. Bi Rahma akaandika tena. Kisha nikalala kwenye majani.

Zamu ya Nyange ndiyo ilikuwa inafuata. Kaiacha. Kanipakia kwenye baiskeli yake, kanifunga kwa shati lake nisianguke, kasukuma hadi barabarani tukapata gari.

Hospitalini, Saada alinishika mkono kutwa nzima, hakusema "nilikwambia". Niliogopa. Niliogopa kweli. Nilidhani namwacha Mwanamize, na binti yetu Ummi hajaolewa. Nje ya mlango nilimsikia Nyange akinisomea Yasini, polepole, asikose herufi.

Sitamwambia kuwa nilisikia.

Jumatatu, 22 Septemba

Nyange kapata kazi. Bi Rahma alimsubiri hadi aliporudi. Nimekwenda kumpongeza, nikamkabidhi shati lake, limefuliwa. Kasema wageni wakizidi ataniita.

Jioni Mwanamize kafanya ungamo. Siku ile ile niliyolificha kopo aliliona. Kamwaga kungumanga, katia mdalasini. Dozi zote tatu! Mdalasini! Nikamuuliza, na ile akili niliyoipata? Kamwita Saada kwenye simu anijibu yeye. Saada kasema nilikuwa nasoma daftari kila asubuhi, ami, basi ndiyo hiyo.

Maelezo mepesi mno. Siyakubali.

Jumanne, 23 Septemba

Sikulala vizuri, nimewaza. Na nimegundua! Kungumanga ya kweli ilinitia hospitali. Isiyo ya kweli ilinipa akili. Basi dawa ni kule kutojua! Wazungu wenyewe nadhani hawajafika hapa.

Nimemwomba Mwanamize anidanganye tena. Atie kitu chochote kisicho na kazi, kwenye chakula chochote, na asiniambie. Nilidhani atakataa.

"Nimeshaanza, Baba Ummi. Tangu juzi."

Tangu juzi! Ndiyo maana leo najihisi mwepesi! Sijui kaitia kwenye chai au kwenye mchuzi. Nimekula sahani tatu, isije ikanipita.